Ng'ombe Wanne, Kuku Wangapi?

Mwaka 1992 Tanzania ilitoa kanuni za kilimo cha mijini: mkazi wa mji asifuge zaidi ya ng'ombe wanne, na wafungiwe, wasizurure. Zilikuwa na mazingira yake. Miaka ya themanini mishahara haikutosha, na maofisa wa serikali walifuga ng'ombe wa maziwa na kuku kwenye viwanja vikubwa vya Oysterbay, Dar es Salaam. Huenda hata walioandika kanuni hizo walikuwa na ng'ombe wao nyuma ya nyumba.

Mfugaji wa mjini wa leo ni mwingine. Kuku wake wa nyama wako kwenye banda lililoegemea ukuta wa jirani, na fedha yao ndiyo ada ya shule. Hapo kuhesabu vichwa hakusaidii. Kuku mia mbili waliotandikiwa maranda makavu wanavumilika. Ishirini walio juu ya maranda yaliyolowa watafukuza wageni hadi nyumba ya tatu. Mara nyingi chanzo ni chombo cha maji kinachovuja: maranda yanagandamana na kinyesi, na asubuhi mwenye banda akifungua mlango, amonia inamchoma macho. Bwana afya ashike konzi moja ya maranda ayafinye. Yakishikamana kama tonge, mfugaji aamriwe kuyabadilisha.

Jogoo wa saa kumi usiku simtetei. Kuku wa nyama huuzwa kabla hajajua kuwika, na anayetaka mayai ya kula hahitaji jogoo. Marufuku ya jogoo mjini ningeiunga mkono.

Kinachonikera ni sheria ndogo kulala mpaka jirani alalamike. Ugomvi wa mpaka wa kiwanja unageuka kesi ya kuku, mtendaji wa mtaa anaburutwa katikati, na faini inamwangukia asiye na wa kumsemea. Mwenye geti refu hafuatwi.

Nairobi walipotunga sheria yao ya kilimo cha mjini mwaka 2015, waliiita ya kukuza na kudhibiti, kwa mpangilio huo. Naona walianza panapostahili. Mfugaji anayetambuliwa hana sababu ya kujificha, na afisa mifugo anajua pa kumpata kideri kinapoingia mtaani. Chanjo yake ya tone la jicho, kwa kuku wanaokaa muda mrefu, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu; banda moja lililofichwa kukwepa faini, lisilochanjwa, linatosha kuuweka ugonjwa hai kwa mtaa mzima. Ila ada ya kujiandikisha isizidi bei ya kuku mmoja, la sivyo mabanda yatarudi mafichoni.