Uwanja wa Bosworth Wastahili Ulinzi wa Sheria

KALE NA LEO
Na Rashidi Mwinchande

Vita vya Bosworth, vilivyopiganwa tarehe 22 Agosti 1485 katika mashamba ya Leicestershire, katikati ya Uingereza, vilidumu kwa saa chache tu, lakini vilimwangusha Richard III, mfalme wa mwisho wa nchi hiyo kufia vitani, vikampa taji Henry Tudor, ambaye ukoo wake ulitawala hadi mwaka 1603. Tukio lenye uzito huo halikuacha juu ya ardhi hata jiwe moja la kuonyesha mahali lilipotokea, kwa kuwa hapakuwa na ngome iliyozingirwa wala ukuta uliobomolewa. Maiti walizikwa, silaha zenye thamani zikaokotwa, na ardhi ikabaki kwa wakulima na mifugo yao.

Matokeo yake ni kwamba kwa muda mrefu heshima ilipelekwa mahali pasipo penyewe. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 wanahistoria wengi waliamini kwamba majeshi yalikutana kwenye kilima cha Ambion, na mwaka 1974 halmashauri ya Leicestershire ikafungua hapo kituo cha wageni, ingawa kulikuwa na ushahidi wa kale uliotazama kwingine. Mwaka 1511, wakati watu waliopigana siku ile walikuwa bado hai, kanisa la kijiji cha Dadlington lilipewa idhini na Henry VIII ya kukusanya sadaka kwa ajili ya kuombea roho za waliouawa, kwa maelezo kwamba miili yao ililetwa huko. Kijiji hicho kiko kusini mwa kilima kile.

Suala hilo lilipata jibu kutokana na utafiti ulioanza mwaka 2005 chini ya mwanaakiolojia Glenn Foard. Watafiti hawakuanza kwa kuchimba. Walisoma kwanza hati za ardhi na majina ya zamani ya mashamba, kisha wakapima udongo na chavua, yaani unga wa maua unaohifadhika katika matope kwa karne nyingi, ili kujua kinamasi kinachotajwa na waandishi wa kale kilikuwa wapi mwaka 1485. Ndipo wakapita mashamba hatua kwa hatua wakiwa na vigunduzi vya metali. Kiasi cha kilomita 3 kusini-magharibi mwa Ambion, karibu na barabara ya Kirumi iitwayo Fenn Lane, walikuta zaidi ya matufe 30 ya mizinga na bunduki yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi, wingi ambao wakati huo haukuwa umepatikana katika uwanja mwingine wowote wa Zama za Kati barani Ulaya. Kando ya mahali palipokuwa kinamasi walipata pia beji ndogo ya fedha iliyopakwa dhahabu, yenye umbo la nguruwe mwitu, nembo ya Richard mwenyewe, ambayo bila shaka ilivaliwa na mmoja wa watu waliomfuata.

Beji hiyo ndiyo iliyopendwa na magazeti, na ni haki ipendwe, lakini kilichoonyesha mahali pa vita ni tufe la risasi, kitu kisichoweza kuuzwa kwa bei yoyote ya maana, na ambacho thamani yake yote imo katika kujulikana kilipolala. Likiokotwa na kutiwa mfukoni bila kuandikwa mahali lilipotoka, linageuka kipande cha metali na ukurasa mmoja wa historia unafutwa usiweze kuandikwa tena. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 inamlazimu anayeokota kitu cha dhahabu au fedha chenye umri wa zaidi ya miaka 300 kutoa taarifa, lakini haimlazimu anayeokota tufe moja la risasi. Kwa hiyo sheria inailinda beji na kuliacha tufe.

Ardhi yenyewe haiko katika hali bora. Rejista ya Viwanja vya Vita vya Kihistoria, iliyoanzishwa mwaka 1995, ni orodha inayozitaka halmashauri kuzingatia umuhimu wa uwanja zinapotoa vibali vya ujenzi, wala haina nguvu ya kuzuia ujenzi wenyewe. Udhaifu huo ulidhihirika Septemba 2018, pale halmashauri ya Hinckley na Bosworth ilipoidhinisha njia ya kufanyia majaribio magari yanayojiendesha, ambayo sehemu yake iliingia ukingo wa magharibi wa uwanja uliosajiliwa, licha ya pingamizi la wanahistoria na vyama vya wahifadhi. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu mifupa ya Richard, iliyofukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, izikwe upya kwa taadhima katika kanisa kuu la mji huo.

Waliounga mkono mradi walitaja ajira, na hoja ya ajira haipaswi kudharauliwa na mtu yeyote anayejua maana ya kukosa kazi. Hata hivyo kudai kwamba kilichochukuliwa ni kipande kidogo cha pembeni ni kusahau historia ya uwanja huu huu, ambao kiini chake kilihesabiwa kuwa pembeni kwa zaidi ya miaka 200 wakati wageni wakielekezwa kilimani. Tena mandhari yenyewe ni ushahidi: uamuzi wa Richard wa kumkimbilia Henry kwa farasi, alipomwona na walinzi wachache kabla watu wa William Stanley, bwana aliyekuwa na jeshi lake mwenyewe, hawajaingia kumwokoa Henry, haueleweki ila kwa kusimama pale na kuona macho ya mpanda farasi yangefika wapi.

Kinachohitajika ni sheria itakayofanya kibali kuwa sharti kwa kila anayetafuta metali katika viwanja vilivyosajiliwa, na kuandikwa kwa kila kitu kinachopatikana, pamoja na fidia kwa wakulima watakaokubali kuacha kulima kwa kina au kugeuza mashamba kuwa malisho. Ulinzi huo usiishie kwenye mstari wa ramani. Jeshi la Henry lilikuja kutoka upande wa Atherstone, magharibi, na njia ya jeshi ni sehemu ya vita sawasawa na mahali alipoangukia mfalme.