Ukikatwa Shilingi, Uliza Imeandikwa Wapi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi yetu nizungumze na ndugu wafanya kazi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikimbia, nalo ni hesabu za kampuni. Mimi si karani. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni reli. Lakini nimeona kwamba kwenye mazungumzo ya mishahara, wakubwa wakiitoa ile karatasi yenye tarakimu nyingi, sisi hunyamaza. Na mwenye kunyamaza hurudi nyumbani na kile alichopewa.

Nianze na kisa changu. Kabla sijaingia reli nilikuwa nikifanya kazi kwa mwajiri mmoja huku upande wa bara. Jina lake silitaji. Kila mwisho wa mwezi nilikatwa shilingi 1,500 za chama cha kuweka akiba na kukopa. Mtoto wangu alipopata nafasi ya shule nilikwenda chamani kuomba mkopo. Karani akafungua daftari, akaniambia, "Ndugu, pesa zako za mwisho zilifika miezi mitano nyuma." Nikatoa hati zangu za mshahara. Zote tano zilionyesha nimekatwa. Shilingi 7,500 zimetoka kwangu na hazikufika chamani. Nilipomwuliza mkubwa wa ofisi, alinijibu kwamba kampuni ina shida kidogo ya pesa, lakini nisiwe na wasiwasi, kwa sababu mali yake ni nyingi. Mkopo nikaukosa, na mtoto akakaa nyumbani muhula mzima.

Siku ile sikuwa na la kumjibu. Leo ninalo, na ndilo nataka tugawane.

Ndugu zangu, katika vitabu vya hesabu hakuna shilingi inayopotea. Kila jambo la biashara huandikwa mahali pawili. Kikitoka kitu upande mmoja, lazima ionekane kimeingia wapi, au kimepunguza nini, au kimeleta deni gani. Ufundi huu si wa jana. Mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, aliueleza katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494, miaka minne kabla Vasco da Gama hajatia nanga hapa Mombasa, na wafanya biashara wa huko walikuwa wakiutumia tangu zamani. Mwisho wa hesabu hufanywa karatasi moja iitwayo mizania. Upande mmoja huandikwa mali yote ya kampuni. Upande wa pili huandikwa mali hiyo ni ya nani: sehemu ni madeni, yaani ya watu wengine, na inayobaki ni mtaji wa mwenyewe. Pande mbili lazima zilingane, kama mizani ya dukani.

Tuchukue mfano mdogo. Tuseme yuko mama mmoja Kisauni ambaye ameanza kuuza mahamri na viazi karai. Ana shilingi 10,000 zake mwenyewe. Mali ni 10,000, na mtaji ni 10,000.

Ananunua unga, viazi na mafuta kwa shilingi 4,000 taslimu. Sasa ana taslimu 6,000 na bidhaa za 4,000. Jumla ni ile ile 10,000. Pesa imebadilika sura tu.

Anachukua karai na meza kwa mwenye duka, kwa deni la shilingi 3,000. Mali yake sasa ni 13,000. Je, ametajirika? La. Upande wa pili limeandikwa deni la 3,000, na mtaji wake ni 10,000 kama mwanzo. Hapa tujifunze somo la kwanza: mali ikiongezeka, usishangilie mpaka uone upande wa pili.

Anapika vyote, anauza, anapata shilingi 7,000. Taslimu ni 13,000, bidhaa zimekwisha, vyombo ni 3,000. Mali ni 16,000, deni ni 3,000, na mtaji umekuwa 13,000. Amepata faida ya 3,000.

Lakini kuna msichana aliyemsaidia, na mshahara wake ni shilingi 1,000. Hajalipwa bado. Mama akiwa mwaminifu ataandika leo hii hii: deni 4,000, mtaji 12,000. Faida ya kweli ni 2,000. Asipoandika, daftari litasema uongo, na uongo huo utasimama juu ya jasho la msichana. Hili ni somo la pili: kazi ikishafanywa, mshahara ni deni, hata kama siku ya malipo haijafika.

Sasa siku ya malipo imefika. Mama anampa msichana shilingi 800 mkononi, na 200 anazikata ili azipeleke kwenye chama cha akiba. Taslimu zinabaki 12,200, na vyombo ni 3,000, jumla 15,200. Upande wa pili: deni la mwenye duka 3,000, deni la chama cha akiba 200, na mtaji 12,000. Nazo ni 15,200.

Zitazameni sana hizo shilingi 200. Zimo ndani ya kibweta cha mama, pamoja na zake, na hazina alama. Akizitumia kununua unga, kibweta hakitalia. Lakini daftari linasema si zake. Akizila, deni halikufutika, limebaki pale pale mpaka lilipwe. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa zile 7,500 zangu. Mkubwa aliponiambia mali ya kampuni ni nyingi, yafaa ningemjibu: "Bwana, sikukuuliza habari ya mali. Nauliza upande wa madeni. Je, makato yetu yameandikwa pale? Kama yameandikwa, mtayalipa lini? Kama hayakuandikwa, basi hesabu yenu si ya kweli."

Somo la tatu ni juu ya mali isiyo taslimu, na sisi watu wa reli tunalijua kwa uchungu. Mwaka 2006, wakati kazi ya treni ilipokabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, ulianzishwa mfuko wa pensheni wa wafanya kazi wa Shirika la Reli, nao ukapewa mashamba na majumba yaliyokuwa ya shirika, pamoja na Muthurwa kule Nairobi. Katika vitabu hiyo ni mali kubwa. Lakini mzee aliyestaafu hali ukuta wala kiwanja. Ili pensheni ilipwe, ardhi lazima ikodishwe au iuzwe, na ndani ya nyumba wamo watu. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa walikwenda Mahakama Kuu kupinga kufukuzwa, na hukumu ya mwaka 2013 ilisema haki zao zilivunjwa. Hapo mstaafu anangoja pesa, mpangaji anangoja usalama wa nyumba yake, na wote wawili wamo katika mstari mmoja wa mizania ulioandikwa "ardhi na majengo". Kwa hiyo, tukiambiwa mfuko wetu una mali ya mamilioni, tuulize: ni kiasi gani kinachoweza kulipa mwezi huu?

Somo la nne lipo karibu nasi, pale Miritini. Reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, na sehemu kubwa ya gharama yake, kama asilimia 90, ilikuwa mkopo kutoka benki ya Exim ya China. Upande wa mali kuna mataruma, madaraja, injini na stesheni. Upande wa pili kuna deni. Tofauti yao ni kwamba injini huchakaa kila mwaka, na karani hupunguza thamani yake kitabuni, lakini deni halichakai. Hupungua kwa kulipwa tu, na riba juu yake.

Uchakavu huu tuujue vizuri, maana hutumiwa sana katika mazungumzo. Kampuni ikinunua lori la shilingi milioni 10 na kulihesabia miaka 10, kila mwaka huandika gharama ya milioni 1. Mwaka huo hakuna aliyetoa milioni 1 mfukoni. Kwa hiyo kampuni inaweza kuandika hasara na huku taslimu imeingia. Tena yaweza kuandika faida na huku kibweta ni kitupu, kwa sababu imeuza kwa deni na wateja hawajalipa. Tusiwe watu wa kusema kila hasara ni ujanja. Lori likichakaa kweli, lazima siku moja linunuliwe jingine, la sivyo na kazi zetu zitakwisha. Lakini tukiambiwa "tumepata hasara, hakuna nyongeza", tuwe na ulimi wa kuuliza: hasara hii ni ya pesa iliyotoka, au ni ya uchakavu?

Watu watasema, mwajiri hatatuonyesha vitabu vyake. Ndugu zangu, sheria ipo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, yamtaka mwajiri akipe chama habari zote zinazohusu mazungumzo, ili chama kiweze kuzungumza sawasawa. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 19, yasema mwajiri akikata pesa za mfanya kazi kwa mambo yaliyotajwa pale, azipeleke kwa wakati wake, na asipopeleka ametenda kosa. Haki hizi ni nzuri, lakini kitabu kikiletwa mezani na hatujui kukisoma, ni kama kumwonyesha ramani mtu aliyefumba macho.

Basi natoa mashauri yangu, na wenye mazuri zaidi wayalete.

Kwanza, kila mmoja atunze hati zake za mshahara, asizitupe. Kila miezi mitatu aende chamani akalinganishe makato na kilichofika. Mimi nilingoja mpaka siku ya shida, na nililipa gharama ya kungoja.

Pili, kila tawi lichague watu wawili au watatu, wanawake na wanaume, wakafundishwe kusoma mizania, na hao wawemo katika kila kamati ya mazungumzo. Hesabu yake si ngumu kuliko ile ya mama wa mahamri. Tarakimu ni ndefu tu.

Tatu, na hili naomba nisamehewe na viongozi wetu, tuanzie nyumbani. Ada yetu nayo ni pesa iliyokatwa. Chama chetu nacho kina mali na madeni. Mizania ya chama isomwe mkutanoni kwa Kiswahili, polepole, na mwanachama akiuliza swali asiitwe mchochezi. Hatuwezi kumdai mwajiri afungue daftari lake na letu tumelikalia.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata yenye daftari hupotea, ikiwa mwenye mali hajui kulisoma.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa Reli,
Changamwe.