Maji ya Maua Yasiwe Adhabu

Ni desturi njema iliyoenea katika shule zetu nyingi kupamba majengo kwa mimea. Vikapu, vyungu na mikebe iliyotobolewa huning'inizwa kwenye upenu wa afisi ya mwalimu mkuu na mbele ya madarasa, na siku ya wazazi wageni huingia langoni wakalakiwa na maua yaliyochanua. Lakini mgeni huyo huyo akirudi majuma machache baadaye, aghalabu hukuta majani makavu yakipeperushwa na upepo, na sakafu ya baraza imetapakaa matope. Maji yalikuwapo, na wanafunzi wa kuyateka walikuwapo. Kilichokosekana ni maarifa ya kuyafikisha maji hayo kwenye mizizi.

Hatulizungumzi jambo hili kwa ajili ya urembo peke yake. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na katika sehemu nyingi maji ya shule hayatoki mferejini; huja kichwani au mgongoni mwa mtoto. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja, hivyo mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20. Tuseme shule ina vikapu 20 na kila kimoja chahitaji lita 2 kwa siku. Hizo ni lita 40, yaani mitungi miwili. Nusu ya maji hayo ikimwagika sakafuni, basi mtungi mmoja mzima umebebwa bure. Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nasi twaongeza kwamba jasho la mtoto aliyeyateka halizoleki vilevile.

Kwanza yafaa tuelewe kwa nini mmea wa kuning'inia huwa na kiu kuliko mwenzake wa ardhini. Mmea wa bustanini hutuma mizizi yake chini na kando kutafuta unyevu. Ule wa kikapuni umefungwa ndani ya udongo haba, jua na upepo vikiuzunguka pande zote, na wakati wa joto kikapu kidogo chaweza kukauka baina ya asubuhi na jioni. Mvua nayo haisaidii sana. Paa huikinga, na hata pale ambapo paa halifiki, majani yaliyosongamana huyatupa maji nje kama mwavuli. Ndiyo sababu mtu huweza kukuta kikapu kimekufa kwa kiu katikati ya masika, mvua ikinyesha hatua mbili tu kutoka pale kilipo.

Kwa hivyo kumwagilia hakufai kufuata kengele wala mazoea, bali hali ya udongo. Mwanafunzi na akisukume kitako cha kikapu kwa kiganja: kikapu kilichoshiba ni kizito, na chenye kiu huinuka upesi. Akiona shaka, achomeke kidole udongoni hadi kwenye kiungo cha kwanza. Akikuta ubaridi na unyevu, angoje. Akikuta ukavu, amwagilie polepole mpaka maji yaanze kudondoka chini, kisha aache. Wakati ulio bora ni asubuhi mapema, kabla jua halijapanda. Siku za joto kali kikapu kidogo chaweza kuhitaji maji mara ya pili jioni.

Liko kosa moja ambalo huwahadaa hata watu wazima. Udongo uliokauka kupita kiasi hunywea na kuachana na kuta za chombo. Maji yakitiwa hupita katika ufa ule na kuchuruzika chini, na mwenye kumwagilia huenda zake akidhani mmea umeshiba, kumbe kiini cha udongo bado ni kikavu. Dawa yake si kuongeza maji kwa pupa. Kikapu hushushwa, kikatiwa ndani ya beseni la maji kwa muda wa nusu saa hivi mpaka udongo ulowe, ndipo kikarudishwa mahali pake.

Sasa tuvitazame vyombo, maana hapo ndipo shule nyingi hukosea. Mpira wa maji uliofunguliwa kwa nguvu huuchimbua udongo, ukaiacha mizizi wazi na kulowesha kila kitu ila pale panapohitajika. Ndoo na kikombe ni afadhali, lakini maji hutua kwa kishindo mahali pamoja. Mkebe wa kunyunyizia wenye kichwa cha matundu madogo hutua maji kama manyunyu, na ndio unaofaa zaidi. Hata hivyo si kila mkebe. Ule wa lita 10 wafaa vitalu vya ardhini; ukijaa una uzani wa zaidi ya kilo 10, na kumwambia mtoto auinue juu ya kichwa chake hali amesimama juu ya dawati ni kumtakia ajali. Kwa vikapu, mkebe wa lita 2 au 3 wenye mdomo mrefu na mwembamba watosha. Pale palipo na mfereji, mpira waweza kufungwa kwenye bomba jepesi lililopinda ncha, lenye kichwa cha matundu, ili anayemwagilia abaki na miguu yake ardhini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mtaka kukinywesha kilicho juu halazimiki kupanda. Aweza kukishusha. Mabaharia wetu wa Pwani wametweka matanga ya majahazi kwa kamba na kapi tangu zamani, na kapi ndogo iliyofungwa kwenye boriti ya upenu hukiteremsha kikapu hadi kifuani mwa mtoto wa darasa la tatu. Hapo aweza kukikagua, kukipalilia na kukinywesha bila hofu, kisha akakipandisha tena. Mwalimu wa sayansi anayefundisha mashine sahili hana haja ya kuchora kapi ubaoni ikiwa inaning'inia nje ya dirisha lake.

Wala hatuhitaji fedha nyingi. Chupa ya plastiki iliyotupwa, kizibo chake kikitobolewa tundu dogo kwa sindano ya moto, hugeuzwa juu chini na kuchomekwa udongoni ili idondoshe maji kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Utambi wa kitambaa cha pamba nao, ncha moja ikiwa ndani ya chombo cha maji na nyingine udongoni, huvuta unyevu pole pole hata siku za mwisho wa wiki ambapo shuleni hakuna mtu. Kikapu kikitandikwa gunia la katani ndani, hakipotezi udongo kwa wepesi. Na maji yanayodondoka kutoka kikapu cha juu yasiachwe yakapotea: pakitundikwa kingine chini yake, au pakawekwa kitalu cha dania, maji yale hufanya kazi mara mbili.

Tahadhari moja ni ya lazima. Visahani vya kukingia maji visiachwe vimejaa siku nyingi, kwani mbu hutaga humo. Mombasa ilikumbwa na homa ya dengue mwaka 2013 na 2014, nao mbu waenezao ugonjwa huo hupenda maji yaliyotuama katika vyombo vilivyo karibu na watu. Visahani vimwagwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa juma.

Tukishafahamu hayo yote, twafika kwenye kiini cha hoja yetu. Katika shule si haba, kumwagilia maji ni kazi ya waliochelewa, waliopiga kelele na walioshindwa kumaliza zoezi la hesabu. Mtoto aliyeadhibiwa hana haja ya kuchunguza iwapo udongo u mkavu au la. Haja yake ni kumaliza. Hummiminia mmea maji yote kwa mkupuo, akatupa mkebe na kukimbia. Mmea hufa, mtoto huuchukia, na somo analobaki nalo ni kwamba kilimo ni mateso. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001. Litakuwa kosa kubwa tukiuachia mtungi wa maji nafasi yake.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, hutaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Chama cha 4K, ambacho jina lake ni ufupisho wa Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, kilifufuliwa rasmi mwaka 2021 ili vijana warudie kuupenda udongo. Malengo hayo hayatafikiwa ikiwa jembe na mkebe wa maji vitaendelea kuwa nembo za aibu. Kumwagilia na kuwe zamu yenye heshima, kama vile zamu ya kiranja au ya mpiga kengele. Wanafunzi wawekewe daftari la kuandika tarehe, kiasi cha maji na hali ya mmea. Mwalimu wa hesabu apate humo takwimu za kuchorea grafu, na mwalimu wa Kiswahili apate insha.

Watakuwako watakaotuuliza: vikapu vya maua vina maana gani katika nchi ambayo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, mifugo ikafa na watoto wakaacha shule? Swali hilo ni la haki, na jibu letu halina kigugumizi. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Shule ambayo wanafunzi wake hawana maji ya kunywa na kunawa mikono haina ruhusa ya kuning'iniza ua hata moja. Lakini pale ambapo maji yapo, ingawa ni machache, maarifa haya ndiyo yatakayomwezesha mtoto kukuza mboga za jamaa yake katika mkebe mlangoni pa nyumba isiyo na shamba. Kikapu kiwe cha petunia au cha dania, kanuni ni moja.

Kwa hivyo twawaomba walimu wakuu wafanye mambo matatu kabla muhula haujaisha. Wahesabu vikapu walivyo navyo na kubakisha vile tu ambavyo maji yao yaweza kuvitunza. Wanunue mikebe midogo yenye vichwa vya matundu badala ya kuongeza mitungi. Na waiondoe kazi ya kumwagilia katika orodha ya adhabu.

Nanyi wanafunzi, zamu yenu ikifika, msione haya kuuinua mkebe. Gusa udongo kwanza, kisha mwagilia. Ukikuta bado una unyevu, rudisha maji pipani, kwani mwenzako aliyeyateka bado mabega yanamuuma.