"Take" ya Mwingereza, "piga" ya Bunyala

Kitenzi cha Kiingereza "take" humsumbua Mchina kwa sababu kwao kazi hiyo imegawanywa kwa vitenzi vingi. Picha hupigwa, pai. Dawa huliwa, chi. Gari hukaliwa, zuo. Mwingereza hutumia "take" kwa yote matatu.

Mchina huyo huyo akifika ufuoni Port Victoria, kule Bunyala, Busia, Kiswahili kitamwia rahisi zaidi. Mama anayeanika omena hupiga chafya vumbi likimwingia puani, hupiga miayo kwa kuwa aliamka alfajiri kupokea mashua, kisha humpigia simu mteja wake wa Kisumu. Kichina husema vivyo hivyo kwa kitenzi da, yaani kupiga: da penti, da haqian, da dianhua. Hata sindano hupigwa!

Mipaka ipo. Mchina "hupiga" samaki pia, da yu, ilhali Mswahili huvua.

Urahisi huo ni wa pande zote mbili. Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na Wakenya wengi bado hufundishwa Kichina kupitia Kiingereza. Walimu, tafadhali, anzeni na "piga". Mwanafunzi wa Busia anacho tayari kitenzi hicho mdomoni.