Nyumba inaanzia chini ya udongo

Kila mwaka wakati wa mvua, ku Kolwezi na ku Lubumbashi, tunaona nyumba mpya zinapasuka, toka dirisha mpaka chini. Watu wanasema mwashi aliiba simenti. Pengine ni kweli. Lakini mara mingi ubaya hauko mu ukuta, uko chini yake.

Parseli ya bei ndogo inapatikana wapi? Mu dembo, kule mayi inakaa, ao juu ya udongo wenye mugodi ulitupa. Udongo wa namna ile ukibebeshwa nyumba unashuka, upande moja kupita mwingine, na ukuta unavunjika. Kuongeza simenti tu hakutoshi.

Mainjinia wako na dawa ya zamani: nguzo za mawe. Wanatoboa shimo mpaka kufika udongo mugumu, upana wake santimetre 60 ao zaidi. Wanatia mawe ya kuvunjwa kidogo kidogo, na wanayashindilia kwa mashini ya kutetemesha. Mawe yanasukuma na kukaza udongo wa pembeni, yanabeba uzito, tena yanafungulia mayi njia ya kutoka. Wafaransa walifanya kazi ya namna hii ku Bayonne tangu miaka ya 1830.

Tunajua kwamba mashini ile mutu wa mushahara hawezi kuilipa. Ndiyo maana tunasema na makampuni. Mbele ya kusimamisha konkasere ao tanki ya asidi, udongo unapimwa; ukiwa zaifu, unatengenezwa. Basi familia yenye kuhamishwa sababu ya mugodi, nyumba yake isipimiwe udongo kwa nini? Kode miniere ilipobadilishwa mu 2018, kanuni zake ziliweka maagizo juu ya kuhamisha watu. Tunaomba kila familia ipewe karatasi ya kipimo cha udongo mbele ya kupokea funguo. Kama udongo ni zaifu, kampuni iutengeneze ao itafute fasi ingine. Mawe magumu hayakosekane kwetu, na mashini wako nazo.

Na sisi wenyewe, ndugu, tusinunue parseli ya dembo mu Agosti, wakati kila kitu kimekauka. Turudie pale mu Februari, tuchimbe shimo la metre moja ao mbili, tuone mayi inafika wapi. Tuulize majirani kuta zao zinakaa namna gani.

Tena tujue mupaka wa dawa hii. Penye watu walichimba chini ya nyumba, kama ku Kasulo tangu 2014, nguzo za mawe peke yake haziwezi kuokoa kitu: tunele iko tupu, na nguzo inaomba udongo wa kuishika pembeni. Pale tusijenge.

Baba anashuka mu shimo kila siku ili watoto walale salama. Udongo wenye wanalalia upimwe sawa vile wanapima ule wa mashini.