Pembe ya Mkonyingo

Tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu dini za watu wa kubuni, hasa watu wa nchi za theluji, miswada mingi iliyotufikia ilibeba mzigo uleule: ukoo wa miungu. Mungu wa barafu kamwoa mungu wa upepo, wamemzaa mungu wa mwezi, na huyo kagombana na mjomba wake. Unafika ukurasa wa nane hujamwona mtu anayeomba, hujamwona anayezika, wala hujamwona aliyekatazwa chakula anachokipenda. Mingi ya miswada hiyo nimeirudisha, na baadhi ya wenyewe wamenikasirikia. Neno hili ni jibu langu kwao. Ni jibu pia kwa wale wa upande wa pili, waliosema kuwa jarida la Kiswahili lisingeigusa mada hii kabisa.

Hawa wa pili nawajibu kwa ufupi. Anayeona ni kufuru kubuni ulimwengu wenye mbingu yake, amrudie Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, aliyeining'iniza Kusadikika hewani mwaka 1951 na kuwatuma wajumbe wake mpaka Mbinguni na Ardhini. Amrudie William Mkufya wa Ziraili na Zirani, iliyotoka hapa Dar es Salaam mwaka 1999. Mabishano ya kweli juu ya kazi hizo yapo na ni halali, lakini milango ilishafunguliwa zamani, na waliofungua walikuwa watu wenye kuijua dini. Na anayeona theluji si yetu, apande basi la Moshi.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa. Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro, Mei 1848, wataalamu wa jiografia huko London walimbishia kwa miaka. Wachagga wakati huo hawakuwa wakibishana kama kule juu kuna weupe. Walikwisha kuamua nani anaishi huko. Walisema ni Wakonyingo, watu wafupi wenye vichwa vikubwa, wenye ngazi za kupandia kutoka kileleni hadi mbinguni. Masimulizi yao yalikusanywa na Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri, na Alice Werner akayaingiza katika kitabu chake cha mwaka 1933 cha visasili vya Wabantu. Kwa hiyo tunao watu wadogo wa theluji, wana mlima wao na njia yao ya kwenda juu, na wamekuwa katika maandishi kwa muda mrefu. Kati ya miswada yote tuliyopokea, ni miwili tu iliyowataja.

Sehemu ya masimulizi hayo isiyoniachia usingizi ni hii. Kichwa cha Mkonyingo ni kizito mno kwa mwili wake. Akianguka, hawezi kuinuka mwenyewe. Kwa sababu hiyo halali chini, hulala ameegemea ukuta, na kila mmoja hutembea na pembe kiunoni. Akianguka, anaipuliza, na wenzake wanakuja kumwinua.

Nawaomba waandishi wetu waitazame pembe hiyo kwa makini kabla ya kumbuni mungu yeyote. Masimulizi hayasemi Wakonyingo wanaabudu nini, lakini mtu mwenye akili ya kubuni anaweza kuijenga dini yao yote kutokana na kitu hiki kimoja. Watu ambao hakuna hata mmoja wao anayeweza kuinuka peke yake ni lazima wawe na sheria juu ya sauti ya pembe. Ukiisikia, unaacha nini? Unaacha chakula? Unamwacha mgonjwa? Unamwacha maiti? Aliyesikia akapita, anahesabiwa nani? Anayepuliza bila kuanguka, kwa mzaha au kwa upweke, anapewa adhabu gani? Mtoto hupewa pembe yake akiwa na umri gani, na siku hiyo anaapa nini? Mtu akifa, pembe huzikwa naye au hurithiwa? Je, yupo Mungu ambaye hajawahi kuanguka, na kama yupo, anaijuaje shida yao? Au waliwahi kumsikia Yeye akipuliza, usiku mmoja wa kale, wakapanda zile ngazi? Hayo ni maswali ya ibada, toba, mirathi na itikadi, na hakuna hata moja lililohitaji orodha ya majina.

Msimamo wangu basi ni kwamba dini ya watu wa kubuni ianzie pale wanapoanguka, na kwa yule anayewajibika kuja. Miungu itafuata, na itakuja na sura zinazowafaa watu hao.

Kuna kisa cha pili cha Wakonyingo kinachothibitisha ninachosema. Ndugu wawili maskini, Mkunare na Kanyanga, walipanda kilele cha Kibo kila mmoja kwa wakati wake kutafuta msaada. Mkunare, mkubwa, njiani alimkuta bibi kizee mwenye macho yenye vidonda, akakataa kumsaidia. Alipofika juu akawaona watu wafupi wamekaa, akadhani ni watoto, akauliza baba zao na kaka zao wako wapi. Wakamwambia awasubiri. Alisubiri mpaka jioni, hakuna aliyekuja, akarudi na njaa yake. Kanyanga alimhudumia yule bibi, akaelekezwa, na alipofika aliwasalimu wenyeji wake kama watu wazima. Akawafundisha dawa za kuzuia wadudu wasile mazao, akateremka na ng'ombe. Msomaji aliyelelewa pwani au bara hahitaji kufafanuliwa uzito wa kosa la Mkunare. Amewanyima wazee shikamoo. Katika hadithi hii utakatifu wote umewekwa kwenye salamu, na mlima mzima unafunguka au kufungwa kwa kauli ya kwanza ya mgeni. Ndiyo dini ninayoitafuta kwenye miswada: ile ambayo mtu anaweza kuikosea kabla hajaketi.

Nitasema wazi kwa nini pembe hii imenishika kiasi hiki. Ofisi yetu iko Kariakoo. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa, watu wakiwa ndani na bidhaa zao. Waliofukiwa waliita kutoka chini ya zege. Kabla mashine hazijashika kazi, watu walikuwa wameshaanza kuvunja kwa nyundo na kufukua kwa mikono. Hakuna aliyemuuliza aliye chini kama anaswali Msikiti wa Mtoro au anasali kwa Walutheri. Wengine waliokolewa, wengine wengi tukawazika. Mwandishi wa mji huu aliyeipitia wiki ile hawezi kuniambia kwamba, ili kubuni dini, lazima aazime miungu ya baridi kutoka mbali. Ameshaona wajibu ukiwashika watu shingoni mchana kweupe. Aanzie hapo.

Vijana wetu wanaoandika fantasia watanijibu kwamba wao wamejifunza kwenye gemu, na siwadharau kwa hilo. Makala ya kwanza ya toleo hili inahusu Skyrim, iliyotoka mwaka 2011, na nyongeza yake ya Dawnguard ya mwaka uliofuata, ambamo elfi wa theluji wana mungu wa jua aitwaye Auri-El na wengine wanaomzunguka. Mwandishi ameifanya kazi yake vizuri, ila ametumia kurasa nyingi kwa nasaba ya miungu hao, na kurasa mbili tu kwa kile ambacho mchezaji hakisahau. Mwanafunzi wa dini ile hubeba chombo cha maji, huzungukia madhabahu tano milimani, huchota katika kila moja, na mwisho huyamwaga yote kwenye mlango wa hekalu la ndani. Anabeba uzito kwenye barafu kisha anaumwaga. Halafu kuna Gelebor, askari wa dini aliyebaki akililinda hekalu lisilo na waumini; watu wake walikimbilia kwa majirani wa chini ya ardhi, wakapewa hifadhi kwa sharti la kula uyoga wa sumu, wakapofuka. Nduguye Vyrthur, kuhani mkuu, alipoambukizwa uvampaya alimgeuka mungu wake kwa kisasi. Haya ndiyo yanayoifanya dini ile iaminike: chombo kizito, lango lisilo na mtu, kuhani aliyekasirika. Ondoa majina yote ya miungu, bado inasimama.

Shaaban Robert alilijua hilo vizuri zaidi. Katika Adili na Nduguze tunamsahau jini mapema, lakini nani anamsahau Adili akiwachapa manyani kila usiku, manyani ambao ni ndugu zake, kwa amri asiyoweza kuivunja? Amri ya ulimwengu usioonekana imefika mkononi mwake kama kiboko, na mkono huo unampenda anayechapwa. Kwangu hiyo ndiyo fantasia ya dini iliyokomaa kuliko zote tulizonazo kwa Kiswahili, na inanisikitisha kwamba shuleni hufundishwa kama hadithi ya maadili mema tu.

Makala ninayoipenda kuliko nyingine humu haina hata jini mmoja. Ni ya mchangiaji aliyewafuata wafanyabiashara wa Kichagga wa mitaa ya Kongo na Msimbazi ifikapo Desemba, fremu zinapofungwa moja baada ya nyingine na mabasi ya Moshi yanapojaa. Anaeleza mbuzi anayechinjwa, mbege inayomiminwa, makaburi yaliyo ndani ya kihamba na masale yaliyopandwa kuyazunguka, na jinsi jani hilo hilo la sale linavyopelekwa kwa uliyemkosea kumwomba msamaha asioweza kuukataa kirahisi. Wengi wa watu hawa ni Wakristo wa ibada ya kila Jumapili. Mwandishi haoni haja ya kuwashtaki wala kuwatetea, na nampongeza kwa hilo. Anayetaka kujua namna hija inavyogharimu asome hesabu ya nauli, nyama na zawadi aliyoiandika humo.

Makala juu ya riwaya za Nagona na Mzingile ni ngumu lakini inalipa. Utenzi wa watu wa barafu una vina safi na bahari yake imetulia. Mahojiano na wauza vitabu wa barabarani yamepunguzwa kwa sababu ya nafasi.

Hadithi inayofunga toleo ndiyo niliyobishana nayo zaidi, na nimeichapa kwa sababu ya ubishi huo. Mwandishi wake anajua kwamba barafu ya Kibo imepungua zaidi ya robo tatu tangu ilipopimwa mwaka 1912, na ameona jambo ambalo wengine hawakuliona: Wachagga walimwita Mungu na jua kwa jina moja, Ruwa, kwa hiyo watu wake wadogo wanamwabudu yule yule anayeyeyusha nyumba zao. Hilo ni wazo kubwa. Kisha, katika kurasa nne za mwisho, anawaua wote, mmoja mmoja, wakiwa wamesimama. Sikubaliani naye. Watu wenye pembe kiunoni hawafi kimya. Watateremka, na watafika Kariakoo kama walivyofika wengine wengi kutoka mlima huo huo, watatafuta fremu, watadhaniwa watoto na wateja, na siku moja mmoja wao ataanguka Mtaa wa Kongo saa sita mchana, vipaza sauti vya wauza nguo vikiwa vimefunguliwa hadi mwisho. Akipuliza, sheria inamshika nani? Mkonyingo mwenzake aliye Mbagala, au Mzaramo wa fremu ya pili aliyeisikia ila hakuwahi kuapa? Na huyo Mzaramo akija, ameingia dini yao au wao ndio wameingia ya mtaa? Hadithi hiyo haijaandikwa. Toleo lijalo limeiachia nafasi. Miswada isizidi maneno 4,000, na nasaba za miungu zisipewe hata ukurasa mmoja.