Waliokaa Mlangoni pa Mfalme

Juni 3 ikikaribia, vijiwe vya kahawa vya Buguruni hurudia habari za Mashahidi wa Uganda, na hakosekani wa kusema kwamba Karoli Lwanga na wenzake walikuwa "vijana wa kutumwa maji tu". Wapi! Vijana wa ikulu ya Buganda waliletwa na wakubwa wa nchi wajifunze utawala. Kabla Lwanga hajawa mkuu wao, Yosefu Mukasa Balikuddembe ndiye aliyesimamia nyumba ya ndani ya Kabaka Mwanga. Mtu anayejua nani aingie kwa mfalme na nani akae uani akipigwa jua ni wa kuogopwa; Katikiro mwenyewe, waziri mkuu, alikuwa miongoni mwa waliomchongea.

Eti mtumishi hawezi kumkosoa bwana wake? Askofu James Hannington alipouawa Busoga Oktoba 1885, Balikuddembe alimkemea Mwanga uso kwa uso. Tena alikuwa akiwakinga wavulana na matakwa ya mfalme. Novemba 15 akakatwa kichwa, mwili ukachomwa. Wabeba maji hawauawi kwa sababu hizo.

Wasomi wa kijiweni nao hukimbilia Constantinople, ikulu ya makaisari wa Kirumi wa Mashariki: kule wahudumu wa chumbani walikuwa matowashi, basi hakuna cha kulinganisha na kwetu. Ni kweli matowashi walikuwa wengi, na hesabu yake i wazi: towashi hana mtoto wa kumrithisha kiti. Ila si wote. Kaisari Mikaeli III alimpa Basili, mwanamume kamili, kazi ya kulala karibu na chumba chake. Mwaka 867 Mikaeli akauawa kwa njama za Basili, na Basili, aliyekuwa kaisari mwenza, akabaki kaisari pekee.

Hoja moja tu ina uzito: kwamba nguvu hizo ni za kuazima. Eutropius, towashi aliyemtawala Kaisari Arcadius kama mtoto, alipata ukonsuli mwaka 399 na mwaka huohuo akaangushwa, kisha akauawa. Hapo nakubali, lakini nusu. Apolo Kaggwa naye alikuwa kijana wa ikulu ya Mwanga, akaponea chupuchupu 1886, Lwanga na wenzake walipouawa. Akawa Katikiro 1889, akakaa hadi 1926. Mwanga alipoondolewa 1897, Kabaka mpya, Daudi Chwa, alikuwa na mwaka mmoja tu, na Kaggwa akawa mmoja wa walioshika nchi kwa niaba yake.